Utovu wa Adabu Mbele za Watu: Jinsi Watu wa Athens ya Kale Walivyoujibu

Katika mazungumzo haya twataka kusema juu ya jambo linalomfika kila mtu aendaye mahali penye mkusanyiko wa watu, kama vile sokoni, barazani, stesheni, au penye ngoma. Umesimama kwa utaratibu ukingoja zamu yako, mara mtu akupita kwa kukusukuma bega. Umeketi kusikiliza mazungumzo, na aliye nyuma yako apiga kelele. Au mtu akutukana mbele ya wenzako pasipo sababu. Moyo wachemka, na watu waliopo wakutazama wapate kuona utafanya nini. Je, unyamaze? Umrudishie? Au umpeleke penye hukumu?

Swali hili ni la zamani sana, na watu wa mataifa mengi wamelijibu kwa njia mbalimbali. Twapenda kulitazama katika mji mmoja tu, nao ni Athens, katika nchi ya Ugiriki, ambayo vitabu vya kale huiita Uyunani. Tumeuchagua mji huo kwa sababu watu wake walifanya mambo yao mengi hadharani. Mikutano yao, hukumu zao, biashara zao na michezo yao, yote yalikuwa mbele za watu. Tena waliandika habari za ugomvi wao, hata leo twaweza kuufuata ugomvi mmoja tangu mwanzo wake mpaka mwisho.

Kwanza tumtazame mkosaji mwenyewe. Alikuwako mwandishi jina lake Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle. Yapata mwaka 320 kabla ya Kristo alitunga kitabu kidogo cha kueleza tabia 30 za watu, na mmoja wa watu hao ni yule asiye na haya. Asema ya kwamba mtu huyo, akiwa penye michezo, hupiga makofi wakati wenzake wamekwisha acha, na huwazomea wachezaji ambao watu wengine wapenda kuwatazama. Watu wote wakinyamaza kimya, yeye huinua kichwa na kupiga mbweu kwa sauti, ili watu wageuke wamwangalie. Na sokoni, saa ya watu wengi, husimama penye matunda akazungumza na mwenye kuuza, huku akitafuna mali ya mwenziwe.

Nadhani hapana msomaji wetu asiyemjua mtu wa namna hiyo. Lakini angalieni lile neno la kwamba watu wageuke. Mwenye utovu wa adabu mara nyingi hatafuti matunda wala nafasi. Atafuta macho ya watu. Ukimpa macho na kelele, umekwisha mpa alichokitaka. Ndiyo sababu jibu la kwanza ambalo Wagiriki walilisifu lilikuwa ni kunyamaza.

Habari ya kunyamaza iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Pericles, aliyeuongoza mji wa Athens kwa miaka mingi, akafa mwaka 429 kabla ya Kristo. Aliyeisimulia ni Plutarch, naye aliishi kadiri ya miaka 500 baadaye. Kwa hiyo yatupasa kuisoma kama habari iliyopokewa kwa wazee. Asema ya kwamba siku moja mtu mshenzi wa tabia alimwandama Pericles sokoni kutwa nzima, akimtukana na kumsema vibaya. Pericles hakumjibu hata neno moja, bali aliendelea na shughuli zake za mji zilizomlazimu. Jioni akaenda zake nyumbani kwa utulivu, na yule mtu akamfuata njiani akizidi kutukana. Walipofika mlangoni giza lilikuwa limeingia. Pericles akamwita mtumishi wake, akamwamuru achukue mwenge, amsindikize yule mtu mpaka kwake.

Hadithi hii ni nzuri, nasi twaistahi. Walakini yafaa tufikiri kidogo kabla ya kusema ya kwamba sasa swali letu limekwisha. Pericles alikuwa mtu mkubwa. Watu wote walimjua, na hapana aliyeweza kudhani ya kuwa alinyamaza kwa hofu. Kunyamaza kwake kulimwongezea heshima. Lakini mchukuzi wa mizigo, au mjane aliyeketi na mboga zake sokoni, akisukumwa na kutukanwa, akanyamaza, watu watasema nini? Watasema amezoea. Na kesho atasukumwa tena. Wahenga wetu walisema, Mwenye nguvu mpishe. Na wengi wamempisha kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, si kwa kuwa walipenda. Hata yule mtumishi mwenye mwenge, hapana aliyemwuliza kama alitaka kutoka usiku na mtu wa matusi. Basi kuna kunyamaza kwa mtu anayeweza kujibu akakataa, na kuna kunyamaza kwa mtu asiye na msaidizi. Haya mawili si mamoja. Mji usiokuwa na dawa nyingine ila subira, huwaachia wanyonge mzigo wote.

Watu wa Athens walilijua jambo hilo zamani kabla ya Pericles. Mwaka 594 kabla ya Kristo walimchagua Solon awe mkuu wa mji wao, wakampa uwezo wa kutengeneza sheria, maana matajiri na maskini walikuwa karibu kupigana. Miongoni mwa sheria zake ilikuwamo moja juu ya matusi. Alikataza mtu kumsema vibaya aliye hai katika mahali pa ibada, penye hukumu, penye kazi za serikali, na penye sherehe za michezo. Aliyevunja sheria hiyo alitozwa drakma tano za fedha. Tatu alipewa yule aliyetukanwa, na mbili ziliingia katika hazina ya mji.

Twawaomba wanafunzi wautazame sana mgawanyo huo wa tatu na mbili. Kwa nini mji upate mbili? Mji haukutukanwa. Lakini Solon aliona ya kwamba tusi likitupwa penye mkutano huwapata watu wawili, yaani yule mwenye jina lililotajwa, na wote waliokusanyika. Watu walikuja kusali, au kusikiliza hukumu, au kufurahi, na mtu mmoja amewaharibia. Mahali pale pa watu wote pamechafuliwa. Kwa hiyo deni lina wadai wawili, na la yule wa pili halilipwi kwa kumlipa wa kwanza.

Sasa na tuifuate kesi moja. Mwaka 348 kabla ya Kristo palikuwa na sikukuu kubwa ya Athens iliyoitwa Dionysia. Kila kabila la mji lilileta waimbaji wake 50 kushindana, na gharama ya kuwafundisha na kuwavika ililipwa na mtu mmoja mwenye mali. Mwaka ule kabila moja lilikuwa halina mtu wa kulipa, ndipo Demosthenes, msemaji mashuhuri, akajitolea mwenyewe. Alikuwa na adui wa siku nyingi, tajiri aitwaye Meidias. Kwa maneno ya Demosthenes, Meidias alijaribu kuharibu mavazi na mataji ya waimbaji wale. Na siku ya sikukuu yenyewe, mahali pa michezo, mbele ya watu, alimpiga Demosthenes ngumi ya uso. Yatupasa kukumbuka ya kuwa maneno ya Meidias ya kujitetea hayakuhifadhiwa. Twasoma ya upande mmoja. Lakini ngumi ile ilionwa na wengi.

Wako watu husema, Dawa ya moto ni moto. Demosthenes hakumrudishia. Baadaye, alipoandika hotuba yake ya kumshitaki Meidias, alieleza sababu. Alikumbusha habari ya mtu aitwaye Euaeon, aliyepigwa pigo moja na mwenziwe Boeotus katika karamu ya marafiki. Euaeon akajitetea kwa hasira hata akamwua. Walipopiga kura waamuzi, Euaeon alitiwa hatiani kwa kura moja tu iliyozidi. Karibu nusu ya waamuzi walimhurumia, kwa kuwa walijua ladha ya aibu ile. Demosthenes alieleza ya kwamba pigo lenyewe si kitu; kinachomchoma mtu ni namna lilivyopigwa, yaani lile jicho la dharau, na sauti, na ile nia ya kumshusha mbele za watu. Hata hivyo Boeotus alikufa, na Euaeon akaharibikiwa, kwa pigo moja la karamuni. Hasira hasara.

Basi Demosthenes alifanya nini? Baada ya sikukuu, ilikuwa desturi ya watu wa Athens kufanya mkutano mahali palepale pa michezo, kusikiliza mashitaka ya makosa yaliyotendeka katika siku zile. Huko ndiko alikoyapeleka mambo yake. Wala hakuyaeleza kama ugomvi wa watu wawili. Alisema ya kwamba siku ile yeye alikuwa katika kazi ya watu wote, na aliyempiga aliipiga sikukuu yao. Nao watu walipiga kura, wakamhukumu Meidias ya kuwa amekosa. Tena twasoma katika hotuba ile ya kwamba, hata kabla ya mkutano, Meidias alipoingia mahali pa michezo watazamaji walimzomea. Hawakungoja kuambiwa. Walijua ya kuwa zile drakma mbili, kama Solon alivyozigawanya, ni zao.

Lakini historia si hadithi ya kufurahisha tu, nasi hatupendi kuficha mwisho wake. Kura ile ya mkutano haikuwa na adhabu. Ilifungua njia ya kwenda mahakamani. Kwa maneno ya Aeschines, aliyekuwa adui wa Demosthenes, kesi haikufika mwisho, kwa kuwa Demosthenes alikubali mina 30, yaani drakma 3,000, akaiacha. Wataalamu wengi huona ya kwamba hotuba yake nzuri haikusemwa kamwe mbele ya waamuzi. Ikiwa ndivyo, aliyepigwa alilipwa, bali mji haukulipwa. Wale waliozomea na kupiga kura waliachwa na drakma zao mbili hawajapewa. Na matajiri wengine wa namna ya Meidias walijifunza ya kuwa aibu ya hadharani yaweza kumalizwa kwa fedha faraghani. Hatumlaumu mno Demosthenes, maana Meidias alikuwa na nguvu na rafiki wengi. Lakini twaona hapa udhaifu wa sheria. Nayo ni kwamba yahitaji mtu wa kuifikisha mwisho.

Liko jibu la tatu, nalo halihitaji ukubwa wa Pericles wala ufasaha wa Demosthenes. Habari yake imeandikwa na Cicero, Mrumi, mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake juu ya uzee. Mzee mmoja aliingia mahali pa michezo katika Athens siku ya watu wengi. Akatafuta pa kukaa, na katika kundi lile kubwa hakuna mwenyeji hata mmoja aliyempisha. Akaendelea hata akafika walipoketi wajumbe wa mji wa Sparta, waliowekewa viti vyao kwa heshima ya ugeni wao. Mara wote wakasimama, wakamkaribisha mzee aketi. Watu wote wa Athens wakapiga makofi tena na tena. Ndipo mmoja wa wageni wale akasema ya kuwa watu wa Athens wanajua lililo jema, ila hawataki kulitenda.

Wageni hawa hawakumgombeza mtu, wala hawakuwahutubia wenyeji juu ya heshima ya wazee. Walisimama tu. Uungwana ni vitendo. Na kwa kusimama kwao waliufanya utovu wa adabu wa maelfu uonekane, pasipo kumtaja hata mmoja. Wala hawakumwacha mzee apigane peke yake kwa ajili ya nafasi yake.

Hilo ndilo twalotaka wasomaji wetu walichukue. Tukiulizana habari za utovu wa adabu, kwa kawaida twamwuliza yule aliyekosewa, Wewe ulifanya nini? Ulinyamaza, au ulijibu? Twamwekea yeye peke yake mzigo wote, kana kwamba sisi tuliokuwapo hatukuwapo. Lakini Solon aliuhesabu mkutano kuwa umekosewa pia. Basi mchukuzi akisukumwa, mjane akitukanwa penye mboga zake, au mzee akiachwa wima, na watu ishirini wametazama, swali la kweli si la yule mmoja. Ni la wale ishirini. Mmoja aweza kusema kwa upole, Bwana, huyu alitangulia. Wa pili aweza kumwokotea mjane mboga zake. Wa tatu aweza kuwa shahidi, mambo yakifika penye baraza. Wa nne aweza kusimama, akatoa kiti. Hapana hata mmoja katika hao aliyehitaji kukunja ngumi. Na yule asiye na haya, aliyetaka watu wageuke wamwangalie, ataona wamegeuka kweli, lakini wamemgeukia mwenziwe.