Simbilisi, Soko na Saratani

Mtu wa Bariadi akihesabu mali hutaja ng'ombe na pamba. Simbilisi hamtaji. Hata hivyo, historia ya dawa moja kubwa ya saratani imepitia kwenye damu ya kamnyama haka.

Mwaka 1953, huko New York, John Kidd aliwadunga panya wenye uvimbe maji ya damu ya simbilisi. Kumbe uvimbe ukanywea! Alipojaribu ya farasi na ya sungura, wapi! Jibu lilikuja 1961: John Broome alionyesha kuwa mna kimeng'enya kiitwacho asparajinesi, kinachovunja asparajini. Hiyo ni asidi amino, yaani tofali mojawapo la kujengea protini.

Hebu tufananishe. Kaya yenye shamba la mtama haitishiki soko likifungwa. Kaya inayonunua kila debe gulioni, siku hiyo inalala njaa. Seli nyingi za mwili zina shamba lao: zinajitengenezea asparajini. Seli za saratani ya damu inayowapata sana watoto, nyingi zinategemea kuipata kwenye damu. Asparajinesi inafunga soko, na seli hizo zinakufa.

Kwetu huku nako hatukuwa watazamaji. Mwaka 1958 Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa mataya ya watoto. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari mpaka Afrika Kusini, akiuliza hospitali hadi hospitali. Baadaye ilidhihirika kwamba uvimbe huo unafuata nchi zenye malaria nyingi, kanda ya Ziwa Viktoria ikiwemo. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto walipona kwa methotreksati, dawa inayozinyima seli matumizi ya vitamini ya folati.

Sasa jamani, tusielewane vibaya. Kusikia saratani inauawa kwa njaa sio ruhusa ya kumnyima mtoto maziwa na maharage. Soko linafungwa na dawa, sio na sufuria tupu. Mgonjwa anahitaji kula ili aimudu dawa yenyewe. Wala tusipoteze miezi tukimtafuta mchawi. Simiyu ilipata kuwa mkoa 2012, lakini safari ya Bugando, Mwanza, haijafutika. Mtoto akivimba taya au shingo, safari hiyo ianze mapema.