Pingili pacha

"Nikukatie pingili ngapi, mwanangu?"

"Tatu, babu."

Panga likapita penye fundo, maganda yakaanguka, nikapewa muwa wangu nikashika njia ya Bumbuli nikitafuna. Mvua ilikuwa imekatika punde. Pembeni mwa shamba la chai jongoo mmoja mweusi, mrefu kuliko kiganja changu, alikuwa anavuka njia, na miguu yake inapanda na kushuka kama wimbi. Nikachuchumaa.

Shuleni tulikariri sentensi moja: jongoo ana jozi mbili za miguu katika kila pingili, tandu ana jozi moja. Niliiamini miaka mingi. Siku ile, muwa ukiwa mkononi, ndipo iliponikwama.

Pingili ni neno la miwa na mianzi kabla ya kuwa neno la maabara: ni kipande kilicho baina ya fundo na fundo. Tukalipeleka kwenye vidole, kisha kwenye uti wa mgongo, na walimu wa sayansi wakalipeleka kwa wadudu. Halikutangatanga. Kila lilikokwenda lilibeba maana ileile, kipande kimoja kati ya vingi vilivyofuatana, kila kimoja na vyake. Kwa tandu linakaa sawasawa: pingili moja, jozi moja ya miguu. Kwa nini basi jongoo apewe mbili?

Hakupewa. Kile tunachokiona kama pingili moja ya jongoo ni pingili mbili zilizoungana chini ya gamba moja, na mwili wenyewe unashuhudia. Ndani ya kila pete ya aina hiyo kuna jozi mbili za matundu ya kupumulia, jozi mbili za vifundo vya neva, na moyo, ambao ni mrija mrefu mgongoni, una jozi mbili za vitundu vya kuingizia damu. Watafiti huiita diplosegimenti, na ngeli nzima ya jongoo inaitwa Diplopoda kwa sababu ya miguu hiyo iliyorudufiwa. Pete za mbele hazikuungana hivyo. Ile inayofuata kichwa haina miguu kabisa, na tatu za nyuma yake zina jozi mojamoja tu. Kitoto cha jongoo, katika jamii nyingi, huanza maisha na jozi tatu tu, kisha kila kinapojivua gamba kinaongeza pete na miguu.

Kwa hiyo naona tutenganishe maneno. Kinachoonekana kwa macho tukiite pete. Pingili tuiache ibaki na hesabu yake ya asili. Na pete iliyobeba pingili mbili tuiite pingili pacha. Kuna watakaopendekeza "pingili maradufu", lakini maradufu ni neno la wingi na unene. Halisemi kwamba hapa kuna wawili. Pacha linasema. Migombani kwetu ndizi mbili zikikua ndani ya ganda moja huitwa ndizi pacha, na hakuna mtoto wa Bumbuli anayehitaji kufafanuliwa. Mtoto huyo anasoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Neno tunalompa sasa ndilo atakalofikiria nalo, hata akija kufundishwa kwa lugha nyingine.

Nilimgusa jongoo kwa ncha ya kidole. Akajikunja akawa duara, akaniachia maji yenye harufu kali na doa la kahawia ambalo sabuni haikulitoa siku ile.

Wakati wa kurudi nilimsimulia yule mzee wa miwa. Alisikiliza, akainua muwa, akanionyesha upande wa shinani, mafundo yalikosogeleana.

"Hizi za chini zimebanana," akasema. "Mteja namhesabia mbili kwa moja."

Fundo la katikati lilionekana wazi kabisa. La jongoo limefichwa. Miguu ndiyo inayolitaja.