Madigadi ya Babu

Baiskeli ya marehemu babu yangu bado imeegemea ukuta wa nyuma nyumbani kwetu Kinanira. Haina madigadi. Siku zote nilidhani yaliibiwa wakati wa vita, na nilikuwa tayari kuandika hivyo katika insha hii. Kumbe yote mawili yako juu ya dari, yamefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, nati zikiwa ndani ya kopo. Mwizi hapangi vitu hivyo.

Baiskeli hizi nzito nyeusi, za mfano wa Raleigh ya Nottingham, zilitengenezwa na nafasi pana kati ya tairi na fremu, madigadi ya chuma yakae humo. Baiskeli za mashindano hazina nafasi hiyo; ndiyo maana wenye nazo huvaa madigadi mepesi ya kubandika na kubandua. Babu alibandua ya chuma, kwa spana.

Bibi alinieleza sababu. Babu alikuwa mwalimu, shati lake jeupe. Kwenye lami, mvua ikinyesha, gurudumu la nyuma humrushia mtu maji mgongoni. Kwa hiyo mjini aliyafunga. Lakini alipokwenda kwao, milima ya Mumirwa, udongo ulijaa chini ya bamba hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Basi aliyafungua kabla ya kuondoka Kinanira, akayarudisha aliporudi.

Mara ya mwisho aliyafungua Oktoba 1993, mvua zimeanza. Tarehe 21 Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Babu alishuka mjini baada ya siku kadhaa, bila mzigo wowote, wala hakuzungumzia njiani kulikuwaje.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa nini hakuyarudisha? Julai 1996 yalitokea mapinduzi, nchi jirani zikatuwekea vikwazo hadi Januari 1999, petroli ikawa adimu. Miaka hiyo babu aliendesha baiskeli kila siku, kwenye lami, mahali hasa madigadi yanapohitajika. Nilifikiri nati zilipotea, lakini nimezihesabu: zimetimia.

«Alikuwa akisema atapanda tena wiki ijayo,» bibi alisema. «Kila wiki. Mimi nilifua mashati.»

Nilimwomba ruhusa niyafunge, maana nami huloana nikienda chuoni. Alinyamaza kidogo, akaniambia ninunue ya plastiki sokoni.