Goma–Kinshasa (safari ya ndege)

Kutoka uwanja wa ndege wa Goma (GOM), Kivu Kaskazini, hadi ule wa N'djili (FIH), Kinshasa, ni takriban kilomita 1,560 kwa mstari ulionyooka. Hadi Januari 2025 ndege ya jeti ilikuwa ikizimaliza kwa saa 2 hivi. Saa za Kinshasa ziko nyuma kwa saa 1: aliyeruka Goma saa 4 asubuhi alitua huko saa 5. Ndege hapa haikuwa anasa, maana hakuna barabara ya lami inayoiunganisha miji hii moja kwa moja. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ya uwanja wa Goma, ikafupika kwa miaka mingi. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji.