Vizuia-oksidishaji si viondoa sumu

Kwenye chupa za virutubisho na mabango ya wauza juisi, vizuia-oksidishaji hubatizwa jina la "viondoa sumu". Jina hilo linauza, ila halisemi kweli.

Oksidishaji ni badiliko la kikemia ambapo dutu hupoteza elektroni, mara nyingi inapokutana na oksijeni. Ndilo linalokitia chuma kutu na kuyapa mafuta yaliyokaa muda mrefu ile harufu mbaya. Mwilini pia lipo, tena kila saa. Seli zinapotumia oksijeni kupata nishati kutoka kwenye chakula, huzalisha molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo wanakemia huziita radikali huru. Moshi wa sigara na jua kali huziongeza. Radikali huru humpokonya jirani elektroni, naye jirani humgeukia mwingine, mpaka madhara yafike kwenye utando wa seli au DNA. Kizuia-oksidishaji hutoa elektroni yake, na mnyororo ukakatika.

Sumu iko wapi hapo? Radikali hizo ni zao la mwili wenyewe, na chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi ili kuua bakteria. Kuziondoa zote kungekuwa hasara. Wapo wanaoandika "antioksidanti", nami sina ugomvi nao. Ila "kizuia-oksidishaji", kwa urefu wake wote, humweleza msomaji kazi inayofanyika.

Vyakula vyenye vizuia-oksidishaji si vigeni. Vitamini C imo kwenye mapera, ubuyu, machungwa na pilipili hoho. Haipendi moto, na huyeyuka katika maji, kwa hiyo anayechemsha mchicha kisha akamwaga maji amemwaga na sehemu yake. Vitamini E iko kwenye karanga na mbegu za alizeti. Karotenoidi zimo kwenye karoti, maembe, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mawese mekundu wanayoyajua vizuri watu wa Kigoma na Kongo. Chai, kahawa na karafuu zina polifenoli. Nyanya ina kioja chake: likopeni, inayoipa wekundu, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa kwa mafuta, ilhali vitamini C yake hupungua kwa moto. Rosti na kachumbari kwenye sahani moja ya pilau, basi, kila kimoja kina lake.

Wauza vidonge huteleza wanapochomoa kitu kimoja tu kwenye chakula na kukiuza peke yake. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara wapatao 29,000 walishiriki utafiti ambamo baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini, mojawapo ya karotenoidi, kila siku, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliopewa beta-karotini waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti wa Marekani uliochanganya beta-karotini na vitamini A ulisitishwa mapema, mwaka 1996, kwa sababu ya dalili hizohizo. Karoti, tofauti na kidonge, ina nyuzinyuzi na mamia ya kemikali nyingine, na haimpi mtu dozi kubwa ya kitu kimoja kwa miaka mfululizo.

Mvutaji sigara asinunue vidonge vya beta-karotini, hata kibandiko kikisema vinaondoa sumu. Fedha hiyo aipeleke sokoni, na sigara aiache.