Maskati hadi Unguja: Kwa Kaskazi na kwa Ndege

Likizo ikikaribia, mazungumzo ya klabu yetu huwa ni tiketi tu. Maskati hadi Unguja, kwa njia ya moja kwa moja, ni kama kilomita 3,900, na ndege isiyotua njiani huchukua saa tano na nusu hivi. Kwa kuwa saa za Omani ziko mbele kwa saa moja, ukiruka saa nane mchana unashuka Unguja wakati wa magharibi.

Wazee wetu waliupima mwendo huo kwa pepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Omani na tende, chumvi na papa mkavu. Safari njema ilikuwa wiki tatu au nne. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana nahodha alingoja kusi, na kusi ikishika kasi katikati ya mwaka, bahari hufungwa. Aliyechelewa kupakia boriti zake alibaki Unguja miezi mingine. Wengi wetu, tuseme kweli, tumetokana na kungoja huko: mtu kakwama, kaoa, kajenga.

Hata mwenye nchi hakuwa na njia ya mkato. Sayyid Said bin Sultan alitawala pande zote mbili, na makao yake aliyahamishia Unguja. Mwaka 1854 alirudi Omani kutengeneza mambo ya huko. Septemba 1856 akapanda merikebu yake, Victoria, kurejea Unguja. Mwezi mzima ulipita na bado wamo baharini. Tarehe 19 Oktoba akafariki karibu na Shelisheli, na mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, ndiye aliyeifikisha maiti Unguja.

Hebu tuwafikirie waliokuwa wakimngoja. Walikuwa wakitazama bahari kumpokea mtu ambaye siku kadhaa nyuma alikuwa keshafariki. Kule Maskati, mwanawe mwingine, Thuwaini, hakuwa na la kumfikia ila kwa chombo kingine kuvuka bahari ile ile. Wakati huo Majid alikwisha kushika utawala Unguja. Ndugu hao waligombana mpaka mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza nchini India, akaamua nchi ziwe mbili, na Unguja ilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Ugomvi ulikuwa na sababu zake nyingine, lakini sisi tunaona umbali nao ulitia mkono. Waya wa simu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na wote wawili, Thuwaini na Majid, walikuwa wameshakufa.

Siku hizi habari hufika kabla hujamaliza kunywa chai. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alipigiwa simu alfajiri kuwa baba yake amefariki Unguja. Ndege ya siku ile ilikuwa imejaa. Akapata nafasi ya kesho yake, kwa kuunganisha mahali pengine. Maiti, kama ilivyo ada yetu, haikulazwa; ilizikwa baada ya alasiri, naye akafuata mazishi kwenye simu, amekaa kitandani bwenini na sisi tumemzunguka. Alipofika Unguja alikuta khitma inasomwa.