Masafa Mafupi na Mvumo wa Jua
Mimi, fundi redio wa Tandika, Temeke, nayaheshimu masafa mafupi. Kwa hayo Radio Tanzania, kutoka Barabara ya Pugu, ilipeleka sauti za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO kusini mwa Afrika. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa chini. Mlipuko wa jua ukilivuruga, stesheni hufifia mchana kweupe. Wateja hulaumu betri.

Jua lenyewe pia hurusha mawimbi. Februari 1942 rada za Uingereza zilizibwa na mvumo. Mwanafizikia James Stanley Hey akatambua kwamba mvumo huo unatoka juani. Mwaka 2001 mtafiti wa jua Gopalswamy na wenzake wakaonyesha jambo kubwa zaidi: wingu la mlipuko lenye kasi likilifikia la polepole lililotangulia, mgongano huweza kutoa mvumo mkali wa redio.

Ndugu msikilizaji, masafa yakififia ghafla adhuhuri, subiri kwanza.